Nesi wa Aproni ya Mgahawani

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kuitwa jina lisilo lako, likakunogea mpaka ukashindwa kulikataa?

Kokushubila wa Kibeta lilimkuta hilo. Alikuwa mpishi wa mgahawa pale Bukoba mjini, msichana mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Mwaka uliopita jirani yake Georgina alishikwa uchungu, mume hayupo, mama hayupo. Koku akamsindikiza hospitali, akamsugua mgongo, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamshika mkono hadi mtoto akalia. Wakunga walifanya kazi yao, naye akafanya hiyo ya kwake. Tangu hapo wajawazito wa Kibeta wakawa wanampigia hodi: "Koku, siku yangu ikifika utakaa na mimi?" Anakwenda. Cheti hana. Biolojia ya kidato cha nne ilimwangusha, na hilo hakumwambia mtu.

Siku moja, saa ya kuona wagonjwa, watu wamesongamana getini na vyakula, Koku akatoka wodi ya wazazi na beseni, aproni nyeupe ya mgahawani bado kaivaa. Kijana wa shati la bluu, limenyooshwa vizuri, akamkimbilia na hotipoti kifuani.

"Nesi, samahani, wodi ya wanaume iko wapi?"

"Nyoosha, kisha kulia. Ila ndizi zako zinamwaga mchuzi."

"Mawe, mama yangu! Shati langu!"

"Shati litafuliwa. Mgonjwa je, atakula shati?"

Kijana akacheka, akaomba namba. Aliitwa Karugendo, fundi wa umeme wa jua, kwao Izigo kule Muleba. Hapo ndipo Koku angesema, mimi si nesi. Hakusema.

Simu zikaanza.

"Nesi wangu, kifua kinanibana."

"Tangu lini?"

"Tangu jana ulipokata simu."

"Kunywa maji, ulale."

"Dawa gani hiyo? Sema unanipenda."

"Hiyo haitolewi kwa simu."

Wanacheka. Halafu simu ikikatika Koku anaitazama ile aproni msumarini, na mashavu yanamwaka moto peke yake chumbani. Nitamwambia Jumapili, anajisemea. Jumapili tano zikapita hivyo.

Asubuhi moja anamenya ndizi, simu ikalia.

"Nesi wangu, dada Agnetha kashikwa uchungu tangu alfajiri. Tumekuandalia kila kitu. Mama kasema kituo cha afya hatumpeleki, maana nesi wetu anakuja."

Kisu kikamdondoka. "Karugendo, mpelekeni kituoni!"

"Usiogope wakwe, mpenzi. Wewe njoo tu."

Akakata. Koku akapiga, akapiga tena; hapatikani. Akapanda bodaboda na aproni yake ile ile, vumbi usoni, mpaka Izigo, akaulizia nyumba ya fundi, akapita katikati ya migomba na mibuni hadi uani.

Ndani walikuwa wametandaza nyasi mbichi, kama anavyopokewa mgeni wa heshima, harufu yake imejaa nyumba. Na mama yake Karugendo, mtu mzima, nywele nyeupe, akapiga magoti juu ya nyasi zile mbele ya msichana.

"Kasinge, waitu, asante sana, nesi wetu. Umetuokoa."

Wewe fikiria. Mkwe ndiye wa kupigiwa magoti, leo anampigia yeye! Koku alitamani ardhi immeze. Naye akapiga magoti, wakawa sawasawa.

"Mama, inuka. Mimi si nesi. Ni mpishi. Huwa nawashika wazazi mkono tu. Nimemdanganya mwanao. Tafuteni gari, Agnetha aende kituoni sasa hivi."

Mama akamgeukia kijana wake. "Karugendo, umetuletea nani?"

Karugendo alitazama viatu vyake. Kisha akatoka kukimbilia gari la jirani.

Njiani Agnetha hakumwachia Koku mkono. Kituoni mkunga akauliza, "Huyu ni nani wako?" Agnetha akajibu huku anahema, "Wangu." Wakamruhusu. Alasiri mtoto wa kike akalia. Koku akatoka nje, akamkuta Karugendo kasimama.

"Salama wote," akamwambia.

"Asante," akajibu, kwa sauti ya mtu asiyemjua. Hakusema nesi wangu. Hakusema hata Koku.

Wiki tatu simu haikulia. Georgina akamletea mjamzito mwingine, Koku akajificha jikoni, akasema naumwa. Aproni akaitia rangi ya kahawia, akalaani siku alipoivaa.

Ndipo adhuhuri moja, mgahawa umejaa, shati la bluu likaingia. Doa la mchuzi bado lipo.

"Leo tuna ndizi na maharage," Koku akasema bila kuinua macho.

"Sikuja kula. Koku, ni mimi niliyetangaza Izigo nzima kwamba naoa nesi. Nilijivunia kitu ambacho sikukuuliza hata siku moja. Ulipopiga magoti, niliona aibu yangu, si yako. Nikashindwa kukutazama."

"Mimi ndiye niliyelipenda lile jina."

"Agnetha anakuulizia kila siku. Mtoto kamwita Kokushubila."

Koku akajifuta macho kwa ile aproni ya kahawia.

"Nataka kukuoa," Karugendo akasema. "Mpishi hivyo hivyo. Lakini safari hii nakuuliza kwanza. Wewe unataka nini?"

Wateja waliacha vijiko. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Nataka kurudia mtihani wa biolojia," akasema. "Nataka kusomea ukunga. Halafu siku nikimaliza, uje pale getini na hotipoti yako, uniite nesi, nami niitike."