Asiyetaka Dobi Amalize Sala

Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na la kushoto ndilo kali zaidi. Kibanda changu cha kutengeneza redio kilipakana na duka la dobi, katikati ukuta wa mbao, na kwenye ukuta ule palikuwa na tundu nililotoboa mwenyewe ili nipitishe waya. Waya sijaupitisha mpaka leo.

Dobi alikuwa mtu wa sala, ila sala zake zilikuwa za kubana. Akishatia makaa kwenye pasi, badala ya kungoja bure yashike moto, alivua viatu, akatandika mkeka kando ya meza, akaswali. Alijisifu kwamba hapotezi dakika, si ya Mungu wala ya mteja. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa na kovu, siku moja kaa lilimdondokea.

Kasoro ya kwanza ilikuwa harufu. Alasiri moja amesujudu, ikapanda harufu ya kitambaa kinachoungua. Dobi gani ataisikia hiyo atulie? Alikata sala, akarukia pasi. Pasi imekaa kwenye kigae chake, makaa hata hayajashika, na mezani hakuna nguo. Akaanza upya. Alipofika kwenye sijda, harufu ileile. Tangu siku hiyo hakumaliza sala dukani. Nilimsikia akisonya, akimwomba Mungu msamaha kwa kusonya, kisha akisonya tena.

Kwa kuwa mimi ni mjuzi wa mengi, nilimshauri abane pua kwa kibanio cha nguo. Alijaribu. Ndipo zikaanza sauti: pasi inaburutwa juu ya meza, kwaru, kwaru, na pfff ya maji yanayopulizwa kwa mdomo, kama afanyavyo yeye akilainisha kola. Akigeuka, kimya. Lakini mashati aliyoyaacha yamekunjamana yamenyooshwa mezani, mikono imekunjwa kifuani kama ya maiti.

Mganga aliletwa. Alifukiza mpaka mimi huku nikakohoa. Alipotaka kutoka, koti lake alilotundika mlangoni lilikuwa limepigwa pasi, mikono kifuani. Hakulivaa. Aliondoka bila kuaga.

Sasa, mke wa dobi alikuwa mjamzito, mimba waliyoingoja hadi watu wakachoka kuwauliza. Asubuhi moja alifungua kapu la nguo za mtoto chumba cha nyuma. Kila kifulana kilikuwa kimenyooshwa, na vimikono vyake vimekunjwa kifuani.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nakwenda kwa mama. Hapa sizai."

Dobi akakaa juu ya gunia la makaa, akalia kilio cha mtu aliyejitahidi mpaka nguvu zikamwisha. Alilalamika kwamba kila siku anabisha hodi kwa Mungu, na kila siku anavutwa shati mlangoni. Afanye nini zaidi?

Shangazi yake aliitwa, mama mfupi aliyesomesha watoto wa mtaa Kurani, mdomo wake pilipili. Alizunguka duka, akanusa, akaitazama pasi.

"Mungu umempa muda wa makaa kushika moto," alimwambia. "Mwili uko mkekani, moyo uko mezani. Huyo mgeni kaukuta mlango wazi, kaingia."

"Nimfukuzeje, shangazi?"

"Mwaga makaa kwanza. Kisha uswali kama mtu asiye na pa kukimbilia. Mkeo nitakaa naye nyuma ya pazia, mkono wake mkononi mwangu. Usikie lolote, usikate."

Alikata siku hiyo. Akakata kesho yake na keshokutwa. Shangazi hakumkaripia, kila mara alimwambia tu arudi mwanzo. Hata mimi nilichoka kuchungulia.

Hata magharibi moja, pasi ikiwa tupu na baridi, dobi alisujudu, harufu ikaja, si ya kitambaa tena bali ya nywele, kisha pasi ikashuka mezani ikaburutwa sakafuni, kwaru, kwaru, mpaka ubavuni mwa mkeka, na nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mkewe, ya mkewe kabisa, ikisema taratibu, "Mume wangu, naungua, mtoto anaungua," na mimi kwenye tundu langu nikaona miguu yenye kwato imesimama mbele ya kichwa chake, karibu imkanyage vidole, naye jasho linamdondoka mkekani, na bado hakuinuka mpaka alipomaliza maneno yake, akakaa, akasujudu tena palepale mbele ya zile kwato, akakaa tena, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto.

Tsss. Kama makaa yaliyomwagiwa maji.

"Mkeo hajafungua mdomo tangu uanze," shangazi alisema nyuma ya pazia.

Mke hakuhama, na mtoto alizaliwa akipiga kelele zinazoshinda redio zangu zote. Siku hizi dobi akisikia adhana anamwaga makaa, anafunga mlango, wateja wanune wasinune. Shati langu hukaa huko mpaka nasahau rangi yake.

Jambo moja tu nimelitia mwenyewe: kwato. Watu wakisikia jini wanataka kwato, nami si mchoyo. Miguu niliyoiona ilikuwa ya binadamu, haina viatu, na kidole gumba kina kovu la kaa. Ilikuwa miguu ya dobi, imesimama mbele ya dobi aliyesujudu.

Tundu nililiziba jioni ileile.