Nani Alifuta Nafasi ya Bong Se-rin?

Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Bong Se-rin alifungua ukurasa wa Chuo Kikuu cha Eunsol ili akamilishe usajili wake wa kusomea udaktari wa meno, akakuta hana cha kukamilisha. Maandishi yalikuwa mekundu: Mwombaji amejitoa kwa hiari. Ijumaa, saa nane na dakika kumi na nne mchana. Chini yake, kwenye kisanduku cha sababu, mtu alikuwa ameandika maneno matatu tu: Haikukaa. Ifanywe upya.

Saa nne kasoro robo alikuwa ameketi katika kituo cha polisi cha Suncheon, kompyuta ameikumbatia kifuani, analia mbele ya Sajenti Tak Mi-gyeong wa dawati la makosa ya mtandao.

Mi-gyeong alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, na subira yake ilikuwa imeishia mahali fulani kwenye mwaka wa kumi na tano.

"Nyamaza kwanza, binti. Machozi hayana nafasi kwenye fomu yangu. Hukujitoa mwenyewe?"

"Nijitoe, afande? Nimefanya mtihani mara nne. Miaka minne! Wenzangu wa sekondari wanakaribia kuhitimu."

"Mtu anajitoaje?"

Se-rin alieleza. Kunahitajika namba ya mwombaji, neno la siri la tarakimu sita, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe kwenye simu ya mwombaji. Neno lake la siri lilikuwa 041907.

"Nani analijua?"

"Gil Tae-o alikaa kando yangu nilipojaza fomu. Tumesoma naye tuisheni. Na Mwalimu Maeng wa tuisheni ana faili la kila mwanafunzi."

"Na simu yako Ijumaa saa nane ilikuwa wapi?"

Msichana alitazama sakafu. "Tuisheni. Niliitwa kuzungumza na wanafunzi wanaotufuata, toka saa saba mpaka saa tisa. Pale ukiingia lazima simu uiweke kwenye sanduku mlangoni."

Simu yenyewe ilikuwa juu ya meza, nyeusi, kioo safi hakina hata mkwaruzo. Mi-gyeong aliipekua. Ujumbe wa Ijumaa mchana ulikuwa umefutwa. Akapiga simu chuoni.

"Tuma barua rasmi," alisema karani wa udahili. "Tutajibu ndani ya siku saba za kazi."

"Si usajili unafungwa leo?"

"Ndiyo. Saa kumi na moja kamili jioni."

"Sasa hizo siku saba nizitoe wapi, bwana? Nizikope?"

Karani alikohoa. Alisema wawili wa mwanzo kwenye orodha ya akiba wamekataa, wamepata nafasi kwingine, na ikifika saa kumi na moja atapigiwa wa tatu. Nafasi ingeweza kurudi kwa mwenyewe iwapo tu polisi wangeleta taarifa yenye jina la aliyeifuta. "Jina, Sajenti. 'Mtu asiyejulikana' hatupokei."

"Huyo wa tatu ni nani?"

"Hiyo ni siri ya mwombaji."

Mi-gyeong alikata simu kabla hajatamka neno ambalo lingemletea barua ya onyo. Se-rin alikuwa amejiinamia.

"Wa tatu ni Tae-o," alisema. "Aliniambia mwenyewe."

Saa tano na nusu Gil Tae-o alikuwa kwenye kiti kile kile. Kijana mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Unajua kwa nini nimekuita?"

"Kwa sababu mimi ni wa tatu. Afande, nikitaka kuiba nafasi, niifute nikiwa wa tatu, halafu niombe Mungu wawili wakatae? Mjinga mimi, lakini si kiasi hicho."

"Ijumaa saa nane ulikuwa wapi?"

"Nimesimama na chupi mbele ya daktari wa jeshi."

"Usinichezee."

"Kweli! Siku yangu ya kupimwa afya ya jeshi. Simu zilikusanywa saa sita, tukarudishiwa saa kumi. Piga uulize. Hata uzito wangu watakwambia."

Mi-gyeong alipiga. Uzito hawakumwambia, lakini kila kitu kingine kilikuwa hivyo hivyo. Akamruhusu aende, akakata jina lake kwa mstari uliochana karatasi.

Saa saba na robo alikuwa tuisheni, Se-rin akimsubiri garini. Mbele ya jengo lilining'inia bango refu kuliko mlango, lenye majina ya wanafunzi waliopata udaktari wa binadamu. Jina la Se-rin halikuwepo.

"Meno hayamo?" Mi-gyeong alimuuliza Mwalimu Maeng.

"Yamo, upande wa nyuma," alisema Maeng. Alikuwa na ufunguo mdogo uliofungwa kamba shingoni. "Nilimshauri arudie mwaka mmoja tu, apate udaktari wenyewe. Ana kichwa yule. Akakataa. Sasa mimi nimfanyeje?"

"Umfutie nafasi, arudi kwako."

"Sajenti!"

"Neno lake la siri unalo. Simu yake ulikuwa nayo saa mbili nzima. Nani mwingine?"

"Simu hamsini zilikuwa kwenye sanduku, sanduku limefungwa, na mimi nilikuwa darasani mbele ya watoto hamsini. Waulize. Ile simu yake nimeipokea miaka mitatu, ningetaka kuichezea ningengoja mpaka Ijumaa? Tena ile simu ujumbe wenyewe unasomekaje? Nyeupe imechakaa, kioo kimepasuka utadhani utando wa buibui."

Mi-gyeong aliacha kuandika. "Rudia. Rangi gani?"

"Nyeupe."

Alirudi garini, akafunga mlango kwa nguvu hata kioo cha pembeni kikatikisika.

"Binti, una simu ngapi?"

Se-rin aliiva uso mpaka masikio. "Kila mtu anafanya hivyo, afande. Kwenye sanduku unaweka simu mbovu, ya kweli unabaki nayo. Nimefanya hivyo miaka yote."

"Na ya kweli, Ijumaa?"

"Ilikuwa imeisha chaji. Nilimwachia baba, karakana kwake."

"Umenificha toka asubuhi!"

"Niliogopa Mwalimu Maeng atajua."

"Mwalimu Maeng!" Mi-gyeong aliupiga usukani kwa kiganja. "Shule yake umemaliza! Nafasi yako inakwenda na maji, wewe unaogopa kukaripiwa kwa sanduku! Nielekeze kwa baba yako."

Karakana ilikuwa chini ya nyumba yao, nyuma ya soko, na saa tisa na dakika tano walikuwa mlangoni. Kufuli ilikuwa ya kubonyeza namba. Se-rin alibonyeza: sifuri, nne, moja, tisa, sifuri, saba.

"Namba ile ile," alisema Mi-gyeong.

"Rahisi kukumbuka."

"Kwa kila mtu wa nyumba hii."

Se-rin akageuka, mkono bado uko kwenye kitasa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wazo lile kumpitia, na lilimwacha mweupe.

Bong Gwang-su, baba yake, alikuwa fundi wa meno bandia, mgane wa miaka hamsini na minne. Alikuwa ameinamia taa, anasugua kofia ya kufunika jino, ndogo kuliko punje ya mahindi. Ukutani zilipangwa trei za kazi, kila trei na umbo la plasta la kinywa cha mtu, na juu yake kijikaratasi cha maagizo kutoka kwa daktari wa meno. Mi-gyeong hakusalimu. Alisimama akisoma vijikaratasi. Cha tatu kilisema: Kofia ya jino la juu kushoto. Haikukaa. Ifanywe upya. Cha saba kilisema hivyo hivyo, kwa mwandiko mwingine.

Alivibandua vyote viwili, akaviweka chini ya taa.

"Mzee Bong, nimetafuta siku nzima mtu anayezungumza namna hii. Wanafunzi wanasema kurudia. Mwalimu anasema kurudia. Haya maneno ni ya hapa. Ijumaa mchana alikuwepo nani mwingine?"

Mashine ya kusugua ilizimwa.

"Hakuna mtu," alisema mzee.

"Baba?" Se-rin alisema. "Baba, sema si wewe."

Gwang-su alivua miwani. "Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii. Kinywa kikichukuliwa kipimo vibaya, kosa ni langu. Mgonjwa akipiga kelele, kosa ni langu. Dokta mmoja alinirushia umbo la plasta usoni, wewe una miaka minane, umesimama palepale."

"Ndiyo maana nimeomba meno! Ili asiwepo mtu wa kukurushia!"

"Hukuniambia hivyo." Aliiweka miwani juu ya trei. "Alhamisi ulichukua kazi yangu, ukainua kwenye mwanga. Ukasema, 'Baba, huu ukingo si safi.' Hata shule hujaanza. Nikasema moyoni, huyu naye. Nimelisha nyumba hii ili nimlee wa kuniandikia vijikaratasi. Ijumaa simu ikawa hapa mbele yangu. Dakika nne tu, Se-rin. Kisha nikatafuta pa kubonyeza ili nirudishe. Hapakuwepo."

"Siku nne umekula na mimi meza moja!"

Mzee alirudisha kofia ya jino kwenye trei yake.

Mi-gyeong alitazama saa ya ukutani. Alikuwa na hasira na wote wawili, na hasa kwa kuwa hakumpata mwizi wa kumchukia. Akatoa fomu.

"Saa tisa na dakika ishirini na tano. Chuo kinataka jina. Se-rin, ukisaini malalamiko, baba yako anafunguliwa jalada, na hakimu ndiye atakayeamua, si mimi wala wewe. Usiposaini, nafasi imekwenda. Chagua."

Msichana alichukua kalamu. Alisaini, herufi zote, bila kumtazama baba yake. Gwang-su akavuta karatasi ya maelezo upande wake.

"Niandike wapi?"

Aliandika polepole na kwa unadhifu, kisha wote watatu wakaenda kituoni. Saa kumi na dakika arobaini na moja faksi ya kituo ilimeza karatasi ya mwisho. Dakika kumi na mbili baadaye karani alipiga: imepokelewa, nafasi imerudishwa. "Barua rasmi pia mtatuma?" aliuliza.

"Nitakuletea mwenyewe," alisema Mi-gyeong, "na nitakusomea kwa sauti." Akakata.

Se-rin aliomba ampigie Tae-o yeye mwenyewe. Alisimama dirishani, akamweleza yote bila kupunguza.

"Basi mimi narudi kwenye sanduku la Maeng," Tae-o alisema. "Hongera. Kweli. Ila leo usinipigie tena."

Gwang-su alikuwa mlangoni, koti mkononi, amesharuhusiwa kwenda mpaka atakapoitwa.

"Umekula?" alimuuliza binti yake.

"Nitalala kwa mama mdogo leo."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea maelekezo ya kazi, akavaa koti, akashuka ngazi peke yake. Se-rin alimtazama dirishani mpaka alipovuka barabara, kisha akakaa chini na kumwomba sajenti kitambaa.