Kimondo cha Kumi na Moja

*Kuhusu: Ombi la kibali cha kutundika waya mmoja (1) wa kuanikia nguo, usiokusudiwa kuanika nguo bali kuhesabu vimondo.*

Karani alikisoma kichwa hicho mara mbili, akagonga mihuri mitatu, akaniuliza kama hivyo vimondo vina viza. Nikatoka ofisini jua likizama, nikarudi nyumbani, mtaa wa Lumumba.

Mama Gertrude alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Binti yake, Clarisse, muuza maziwa, aliuawa njiani mwezi uliopita akitoka kijiji cha Bambu, karibu na Iga Barrière. Mimi ndiye mwenye kushika foni ya parokia, redio ambayo wasafiri huitumia kuuliza hali ya njia.

"Adrien, majirani wanasema waya yako inasemaka na watu wa kufa."

"Mama, inahesabu majiwe tu."

Nikamweleza. Redio yangu ndogo, yenye waya huo kama antena, nimeielekeza kwenye kituo cha mbali kisichosikika Bunia. Jiwe likiungua angani, moshi wake wa moto huirudisha sauti ya kituo hicho kufumba na kufumbua. *Tii!* Unaandika moja.

"Washa," akanong'ona.

*Shhhh...*

*Tii.* Moja. Mbili. Giza likaingia. Kumi.

Kisha harufu... maziwa yaliyochacha. Chumbani hamkuwa na maziwa.

*Tiiiii...* Hii haikukatika.

"...yaya Adrien... njia iko muzuri?..."

Sauti ya Clarisse. Ni yeye aliyezoea kuniita yaya, kaka yake mkubwa.

Mama Gertrude hakulia. Alinishika mkono tu.

"Ile siku, aliita?"

Mwezi mzima nimemwambia betri ya foni ilikuwa imekufa. Hata ripoti niliyoiandikia parokia inasema hivyo, tena kwa nakala nne.

"Redio inaokotaka sauti, mama. Labda muntu mwingine..."

"Nauliza weye. Mutoto wangu aliita?"

"...yaya... unanisikia?..."

Nikang'oa betri.

*Shhhh* ikaendelea.

Nilikaa chini, betri mkononi, na ile harufu ikanijaa kooni. Ndipo nikamwambia.

Foni ilikuwa nzima. Clarisse aliita mara tatu kutoka foni ya Bambu. Tangu asubuhi nilijua njia si salama, na sauti yake niliisikia vizuri. Niliipunguza kwa sababu ilikuwa inanivurugia hesabu ya vimondo. Alingoja jibu, halikuja, akapanda pikipiki.