Robo Mzunguko wa Spana

Marehemu alikutwa bado amefunga mkanda. Gari lilikuwa limejikita kwenye ukuta wa karakana ya useremala, chini kabisa ya mteremko, taa zimepasuka, boneti imekunjamana, na maji ya mvua ya usiku yangali yakidondoka kutoka kwenye bati. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya breki, na pedali imelala kabisa sakafuni. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa mpaka mwisho. Waya wake ulikuwa umekatika siku nyingi, kutu tupu. Maskini, alikuwa amejaribu kila alichokuwa nacho.

Inspekta aliutazama ule mguu kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso.

"Huyu alipigania roho yake," akamwambia mkaguzi wa magari. "Nataka kujua nini kilimsaliti."

Mkaguzi, mzee mwenye kitambi na kucha zilizokwisha kuingia weusi, alilivuta gari mpaka kituoni, akalipandisha juu ya jeki, akaanza kulikagua polepole kama mtu anayechambua mchele. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu. Akazipapasa paipu moja moja. Hakuna iliyokatwa, hakuna iliyotoboka. Magurudumu ya mbele, makavu. La nyuma kushoto, kavu. La nyuma kulia, upande wa ndani, tairi likateleza kidoleni kwa mafuta.

"Afande, njoo uone. Hii ni skrubu ya kutolea upepo. Fundi akitaka kutoa upepo kwenye breki anailegeza, mwenzake anakanyaga pedali. Sasa hii imelegezwa robo mzunguko. Mafuta yalidondoka yenyewe usiku, na kila alipokanyaga yakazidi kutoka. Na hili gari la kizamani njia yake ya mafuta ni moja tu. Likivuja gurudumu moja, yote manne kwisha."

"Haiwezi kujilegeza?"

"Yenyewe? Siku kuku atakapoota meno! Halafu tazama, kofia yake ya mpira imerudishwa mahali pake."

"Kofia ya nini?"

"Ya kuzuia vumbi, afande."

Inspekta akaibonyeza ile kofia kwa kidole. Mtu anayetaka kuua ana shida gani na vumbi?

Mkaguzi akaikaza skrubu, akajaza mafuta, akamwita askari amkanyagie pedali, wakatoa upepo mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Breki ikashika. Chai ya mkaguzi ilikuwa bado ina moto. Inspekta akaijaribu pedali kwa mguu wake mwenyewe. Ikasimama imara, na moyo wake ukazidi kuwa mzito.

Mke wa marehemu alikuwa tayari mahabusu. Majirani walisikia ugomvi jioni ya kuamkia ajali, na mtaa mzima ukatoa hukumu: kikulacho ki nguoni mwako.

"Mligombania nini?"

"Mizigo. Alitaka tuache kitanda cha mtoto. Mimi nikasema kitanda kinakwenda."

"Nani alitaka kuhama?"

"Mimi. Ni mimi niliyemsukuma akaombe kazi huko mbali. Asubuhi ile alikwenda kujaza petroli tu, arudi atuchukue. Afande, niharibu gari ninalopanda na mwanangu?"

"Skrubu ya breki inafunguliwa kwa spana gani?"

"Mimi hata boneti sijui inafunguliwa wapi. Kamuulize mama mkwe, yeye ndiye aliyeolewa na fundi."

Mama mkwe mwenyewe alikuwa barazani, amemletea mkwewe chakula. Mwanamke mwembamba, macho yamevimba. Bakuli limefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kitambaa kimefungwa fundo. Inspekta akamvutia kiti.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Lile gari lilikuwa la baba yake?"

"La baba yake. Alilifufua kutoka jalalani."

"Alipokuwa anatoa upepo kwenye breki, nani alimkanyagia pedali?"

"Nani mwingine? Mimi." Uso wake ukafunguka kidogo. "Akisema kanyaga, nakanyaga. Akisema shikilia, nashikilia. Akichoka mgongo tunabadilishana, mimi naingia chini, yeye anakaa kwenye usukani kama bwana mkubwa."

"Na ile kofia ya mpira?"

"Ile lazima uirudishe, la sivyo vumbi..."

Akakatisha. Mikono yake ikalikumbatia bakuli.

"Mama," Inspekta akasema kwa sauti ya chini, "aliyefanya hivi alitaka gari litengenezwe."

"Alikuwa anatazama chini ya gari kila asubuhi," bibi yule akasema. "Kila asubuhi! Baba yake alimfundisha. Nilijua ataona mafuta pale chini, atalala chini ya gari mpaka jioni. Kazi ile alitakiwa aripoti siku hiyohiyo. Akichelewa, wanamwita mwingine. Angebaki. Nami ningemkanyagia pedali, kama nilivyomkanyagia baba yake."

"Lakini mvua ilinyesha."

"Niliisikia. Nikasema si kitu, mafuta yataelea juu ya maji, yatang'aa, atayaona tu."

Inspekta alitamani kazi hii angeifanya mtu mwingine. "Mafuta ya breki hayaelei, mama. Yanayeyuka kwenye maji. Alitazama, akaona maji matupu."

Bibi hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyesahihishwa.

"Na mkweo ulikuwa unamletea chakula mahabusu."

"Nilikuwa najiambia, leo nitasema. Nikifika hapa mdomo unakuwa mzito. Mwachie, mwanangu. Hana kosa, ila kunichukulia mtoto."

Mke akatolewa. Alipoelezwa, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama, ungesema tu msiende."

"Nilisema. Mkacheka. Mkaniambia mtanitumia picha."

Askari akafungua mlango wa mahabusu, bibi akasimama mwenyewe bila kushikwa. Bakuli likabaki mezani.

"Mjukuu wangu utaniletea nimwone?" akauliza.

Mke alifuta uso kwa kiganja. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, haikuwa na chochote.

"Tukishazika tunaondoka, mama. Kwa basi."