Redio na Mafao ya Baba

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakubwa kwa wadogo, kwamba nyumba ya fundi wa pampu za maji ilikuwa na shirika lake la habari. Shirika hilo lilipeleka ujumbe chumba hadi chumba, asubuhi na jioni, mvua inyeshe jua liwake. Lilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, na mfanyakazi huyo alikuwa mwongo.

Nyumbani walimwita Redio.

Kazi hiyo hakuiomba. Alipofika likizo aliwakuta baba na mama hawasemezani. Baba alikuwa karibu kustaafu baada ya kuzihudumia pampu za serikali tangu ujana wake, na ofisi ya mafao ilimtaka achague. Angeweza kuchukua mkupuo mkubwa wa fedha taslimu, kisha pensheni ya kila mwezi iwe kiduchu. Au angechukua mkupuo mdogo, pensheni iwe ya kutosha, na akitangulia kufa mama aendelee kulipwa. Kuchagua ni mara moja tu, hakuna kurudi nyuma.

Baba alitaka mkupuo mkubwa anunue mashine ya kusaga kokoto. Wazo lililetwa na baba mdogo, ambaye alikuja kusalimia tu na sasa alikuwa na mswaki wake bafuni. Mama alikuwa fundi cherehani wa barazani, hana mwajiri wa kumlipa uzeeni. Alisema mashine hiyo itausaga uzee wao wote. Tangu siku hiyo kila mmoja alizungumza kupitia Redio, hata walipokaa meza moja.

"Mwambie baba yako chai inapoa."

"Mwambie mama yako nina macho."

Mezani Redio alikuwa mwaminifu, maana wote walikuwa wanasikia. Lakini kati ya jikoni na sebuleni kulikuwa na korido, na katika korido hiyo ukweli ulipata ajali kila siku. Mama akisema, "Mwambie kokoto hazipikwi," sebuleni ilifika hivi: "Mama anasema kokoto hazipikwi, na kichwa chako nacho hakipikiki." Baba akijibu, "Mwambie nimesikia," jikoni ilifika hivi: "Baba anasema amesikia, ila masikio yake yamechoshwa na kelele za cherehani yako." Halafu Redio alirudi koridoni kucheka, mkono mdomoni.

Baba mdogo naye alimwaga petroli. "Kaka, wewe ni mwanamume au pazia? Kila upepo unakupeperusha!"

Redio hakumpenda baba mdogo. Huyo alikuwa akimwita "kitoto" na kumaliza sukari. Ndiyo maana Alhamisi jioni kiatu chake cheusi cha kushoto, alichokipiga rangi kwa ajili ya safari ya kesho yake ya kumsindikiza baba ofisi ya mafao, kilitoweka katika mazingira ya kutatanisha.

Jioni hiyohiyo mama alisimamisha cherehani.

"Mwambie baba yako kesho tuongozane ofisini," alisema. "Mke anaalikwa, asikilize kabla mume hajachagua. Na mwambie sijaja kugombana. Nataka tukae tupange pamoja."

Redio aliingia koridoni na ujumbe huo, akauona hauna ladha. Wakipatana, shirika la habari litafungwa. Akafika sebuleni.

"Mama anasema kesho nenda peke yako. Hataki kuongozana nawe hata sokoni."

Alisubiri baba afoke. Baba hakufoka. Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Haya," alisema. "Mwambie nimesikia."

Safari hii Redio hakucheka. Lakini hakurudi kusahihisha pia.

Asubuhi nyumba iliamka kwa matusi. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda, akitafuta kiatu. Baba alisimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Utakuja au huji? Tumepangiwa wa kwanza!"

"Nani kaiba kiatu cha mguu mmoja? Hii nyumba ina mwizi kilema?"

Mwishowe baba mdogo aliondoka na kandambili za bafuni, za pinki. Baada ya muda mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la sherehe na hereni.

"Baba yako yuko wapi?"

"Wameondoka, yeye na baba mdogo."

"Hukumwambia?"

Redio alitazama sakafu. Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Basi ameamua," alisema polepole, akianza kuvua hereni. "Akitangulia yeye, mimi nitakula nyuzi."

"Mama," Redio alisema. "Nilimwambia umekataa. Nilibadilisha."

Alitarajia kofi. Mama alirudisha hereni sikioni.

"Vaa viatu."

Ofisi ya mafao ilijaa wastaafu watarajiwa waliobanana kwenye mabenchi. Mezani alikaa afisa, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Mbele yake baba alikuwa ameinua mkono wa kulia. Mume akiapa kwamba mkewe alialikwa akakataa, kazi huendelea bila mke.

"Naapa kwamba mke wangu alialikwa na amekataa ku—"

"Mke hajakataa!" mama alipaza sauti kutoka mlangoni.

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mumewe tangu likizo ianze. Baba aligeuka, mkono bado juu.

"Si ulisema hutaki kuongozana nami hata sokoni?"

"Mimi? Nani kakwambia?"

Ofisi nzima ilimtazama Redio. Miguu ilitaka kukimbia, lakini mama alikuwa amemshika kola.

"Ni mimi," alisema. "Nilitunga."

"Na kichwa kisichopikika?" baba aliuliza.

"Mimi."

"Na kelele za cherehani?" mama aliuliza.

"Mimi pia."

"Mtoto huyo akatangaze mpira!" mtu alipiga kelele benchini, na watu wakacheka. Baba na mama hawakucheka.

Baba mdogo aliisukuma fomu mbele. "Kaka, weka saini. Mambo ya watoto haya."

"Wewe ni nani?" afisa aliuliza. "Mstaafu?"

"Mdogo wake."

"Basi inuka. Kiti hicho ni cha mke."

Mama alikaa. Wakaanza kugombana, uso kwa uso, bila mjumbe, mpaka benchi la mbele likasogea nyuma. Mwishowe baba aliishusha sauti, akamwonyesha mdogo wake kwa kidole.

"Kokoto ni za huyu. Mimi naogopa tu kukaa nyumbani bila kazi, niwe kama kiti."

"Si ungesema?"

"Ningesema kupitia nani?"

Mama akamwambia mtaani kuna mabomba yanayovuja kila nyumba, na mkupuo mdogo unatosha kununua vifaa vya fundi. Baba alifikiri, akaomba kalamu. Alichagua pensheni ya kila mwezi, na mama akaweka saini chini ya yake.

"Wengi hapa hawapotezwi na uchache wa fedha," afisa alisema akigonga muhuri. "Hupotezwa kwa sababu waliozeeka pamoja hawakupanga pamoja, mapema, kwa midomo yao wenyewe." Akamgeukia Redio. "Na wewe, maneno uliyotumwa ni mali ya aliyekutuma. Ukiyabadilisha, umeiba. Leo nusura umwibie mama yako chakula cha uzeeni."

"Samahani," Redio alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

"Mna bahati," afisa aliendelea. "Mzee angefika kwa zamu yake, mama angekuta nimeshamaliza."

"Tulicheleweshwa na kiatu cha huyu," baba alisema.

Wote walizitazama kandambili za pinki. Kisha baba na mama, wakiwa na wazo moja baada ya muda mrefu, waligeuza vichwa pamoja.

"Redio," walisema.

Redio aliinua mkono, kama yuko darasani.

"Kimo kwenye kapu la vitambaa vya mama," alisema. "Na soksi zote."