Mlio wa Chumba cha Nyuma

Mwenye kinanda alikuwa amelala chali sakafuni, amekufa, na kinanda kilikuwa kinaendelea kulia.

Koplo alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Unangoja nini?" Inspekta alimuuliza.

"Afande, mimi nimefunzwa kukabili mtu mwenye panga. Hiki sijafunzwa."

Inspekta hakumlaumu. Mlio ulikuwa kama wa mwanamke anayeimba huku amefumba mdomo, mahali fulani nyuma ya ukuta. Noti nane, kisha zinaanza upya. Aliingia, akasubiri picha zipigwe, ndipo akakizima. Kimya kilichofuata hakikuwa na nafuu.

Mtaa mzima ulimwita marehemu Mawimbi. Alikuwa fundi wa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vya analogi vyenye vitufe vya kuzungusha na nyaya zilizosukana kama utumbo. Mezani kulikuwa na viwili. Kilichokuwa kikilia kilikuwa kidogo na kipya. Kingine, kikubwa, chenye ubavu wa mbao, kilizaliwa kabla ya fundi mwenyewe, na mgongo wake ulikuwa umefunguliwa. Bisibisi ilikuwa imedondoka kando ya mkono wa marehemu. Vidole viwili vilikuwa vimeungua.

"Umeme," alisema daktari wa polisi akiinuka. "Na si sasa hivi. Mwili umeshakakamaa. Huyu amekufa mchana."

Sebuleni, mama mkwe wa Mawimbi alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na ukuta, khanga mabegani. Binti yake, mke wa Mawimbi, alifariki mwaka uliotangulia kwa maradhi ya figo. Tangu hapo mama na mkwewe waliishi pamoja, kila mtu na msiba wake.

"Pole, mama," Inspekta alisema. "Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Alasiri, nilipokuwa natoka kwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Alikuwa anapiga."

"Ulimwona, au ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Na uliporudi?"

"Bado kinalia. Nikamwita, kimya. Nikafungua mlango."

Mdogo wake Mawimbi aliletwa kutoka kiwandani, angali na ovaroli.

"Nasikia mligombana asubuhi."

"Tuligombana. Nilimwambia aache. Hali, halali, anamtafuta mkewe ndani ya nyaya."

"Anamtafuta vipi?"

"Alizungusha vitufe mwaka mzima mpaka mlio ukafanana na sauti ya shemeji. Si mmeusikia?"

Koplo alijikunyata.

"Kaka yako alikufa mchana," Inspekta alisema. "Jioni nani alikuwa anapiga?"

"Hakuna mtu. Ile ni sikwensa. Unaipangia noti zako, inazizungusha yenyewe mpaka uizime. Hata uondoke, hata ufe."

Alipolisikia neno lake mwenyewe, aliinamisha kichwa.

Inspekta alimpeleka chumbani, akamwonyesha kinanda kikubwa. "Hii ni ajali?"

Aliinama akachungulia bila kugusa. "Waya huu ndio unaoingiza umeme. Skrubu zake zote kaka ameshazifungua. Kungekuwa na umeme, angeanguka kwenye skrubu ya kwanza. Umeme umekuja baadaye, afande. Mikono yake ikiwa humu."

Waya ulipita chini ya mlango, ukafuata ukuta wa ukumbini, ukaishia kwenye soketi ya sebuleni, kando ya kiti cha mama. Soketi ya chumbani, mdogo mtu alieleza, haikuweza kubeba kinanda kile.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mshonaji. Alijibu huku mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani.

"Mlio wake huwa hautulii. Unapanda, unashuka, unakwaruza. Leo tangu mchana ulikuwa uleule, uleule. Nikasema, huyu leo kapatwa na nini?"

"Kuna mgeni aliyeingia?"

"Mlango wao unatazamana na cherehani yangu. Baada ya mdogo mtu kuondoka, hakuingia hata paka."

Inspekta alirudi sebuleni, akavuta kigoda, akakaa chini ya kimo cha mama.

"Mama, plagi hii aliichomeka nani?"

"Mimi hufagia hapa kila siku. Labda niliigusa."

"Tumeipima, mama. Alama za vidole vyako ziko juu ya vyake. Mtu wa mwisho kuishika ni wewe."

Mama aliitazama soketi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyeshikwa.

"Nilimwomba aache, mwanangu. Nilimwomba kwa Mungu na kwa mtume. Kila nikilala namsikia binti yangu analia ukutani. Mkwe wangu ananiambia, mama, bado kidogo. Kile kidogo kinajua kuguna tu. Nikishatengeneza hiki kikubwa, atatamka."

"Atatamka nini?"

"Leo mchana alikuja kwenye mlango huu anacheka. Tangu msiba sijamwona akicheka. Akasema, kaa hapo hapo, mama. Leo utamsikia akikuita."

Koplo aliacha kuandika.

"Binti yangu nimemwosha kwa mikono hii," mama alisema. "Najua yuko wapi. Sasa kama ananiita kutoka mle ndani, ni nani huyo? Na mimi nimwitikie?"

"Ulijua mikono yake iko ndani ya kinanda?"

"Nilisikia bisibisi. Nilijua."

"Kama ni sauti uliyoichukia, mbona kile kidogo hukukizima?"

"Nilikwenda kukizima. Nilimruka mkwe wangu pale chini, nikaishika swichi." Mama alikifungua kiganja chake, akakitazama. "Lakini ilikuwa sauti yake kabisa, afande. Siku moja siwezi kuua wawili."