Hata Mwenye Bima Hunyeshewa

Gachanja alikuwa seremala wa Ruiru. Kila asubuhi alikunywa uji, akaenda kutengeneza mikokoteni. Nyumba yake ya mawe ilikuwa karibu na mto, naye aliikatia bima. Majirani walimcheka. "Analipia nyumba ambayo ameshaijenga!"

Mwaka huo, 1951, mvua ya masika ilipita kiasi. Asubuhi moja mto uliingia mlangoni, ukaangusha ukuta mmoja baada ya mwingine. Gachanja na mkewe Wamboi walisimama mlimani, midomo wazi. Mto ule ule ambao mbuzi walikuwa wakiuvuka kwa miguu! Nani angeamini?

Walihamia kanisani pamoja na majirani. Sakafu ilikuwa baridi. Ngendo, binti yao wa miezi miwili, alianza kukohoa.

Siku ya tatu alikuja Mbithe, mfanyakazi wa ofisi ya maendeleo. Aliandika majina ya wanaohitaji nyumba za muda. Watu walipanga foleni, lakini Gachanja hakuinuka.

"Baba Ngendo, mbona huji?" Mbithe aliuliza.

"Mimi nina bima. Serikali itanilipa huko. Nikiomba na hapa, si nitaitwa mwizi?"

"Nani alikwambia bima ni ya serikali?"

"Yule bwana wa bima alikuja na chifu. Tena amevaa tai!"

Kanisa zima lilicheka. "Tai hata mimi nitavaa," Mbithe alisema. "Bima ni kampuni. Italipia nyumba iliyoanguka, lakini lazima ikague kwanza. Hiyo ni miezi. Serikali inakuazima mahali pa kulala ukingoja."

"Na tukinyamaza juu ya bima?" Wamboi aliuliza.

"Usinyamaze, mama. Kitu kimoja hakilipwi mara mbili. Leteni barua yake tuone."

Gachanja aliitoa kotini. Mbithe aliisoma polepole, Wamboi akimbembeleza mtoto aliyekohoa.

"Inalipia kuta na paa. Mahali pa kulala haikutaja. Mnastahili. Weka sahihi hapa."

Jumatatu lori lilileta nyumba. Ndiyo, nyumba! Kuta za mbao zilikuwa zimelazwa, bati juu yake. Wanaume wanne walizisimamisha, wakazikaza kwa bolti. Kufikia saa sita mlango ulikuwa na kufuli. Gachanja, aliyefanya kazi ya mbao maisha yake yote, aliizunguka mara tatu akigusa pembe.

"Ngai! Nyumba inasafiri!"

Baada ya wiki moja Ngendo aliacha kukohoa.

Miezi mitano baadaye bima ililipa. Gachanja alijenga tena, mbali na mto. Kisha alifungua bolti mwenyewe, akapanda lori lililopeleka zile kuta Thika, kwa Idah, mjane aliyeunguliwa na nyumba. Naye alikuwa na bima, na barua yake alimwonyesha Mbithe siku ya kwanza.

"Hii yote ni yetu?" Idah aliuliza ilipokwisha kusimamishwa.

"Ni yenu mpaka mjenge," Gachanja alisema, akampa ufunguo.

Idah aliingia na watoto wake. Akafunga mlango. Nje, Gachanja aligusa pembe moja, akapanda lori.